TUSINUNUE KOMPYUTA KWA MACHO



Mwezi uliopita tawi letu lilipata hasara, nasi hatuoni haya kuisema, maana hasara iliyofichwa humwumiza na mwingine. Vijana wetu walichanga fedha wakanunua flashi moja pale Kariakoo, ya kuhifadhia masomo ya jioni tunayowafundisha watu wazima pamoja na hesabu za ushirika. Juu yake iliandikwa terabaiti 2. Bei yake ilikuwa ndogo mno, tukafurahi kama watu waliookota. Tukahamishia humo kazi zetu zote, tukazifuta katika kompyuta ili tupate nafasi. Baada ya wiki tatu majina ya mafaili yalikuwapo, walakini kila tulilolifungua lilikataa. Kazi ya miezi minane ilikwenda. Tulipomrudia mwenye duka alituuliza risiti. Risiti hatukuwa nayo, kwa kuwa siku ile alitupunguzia shilingi elfu mbili ili asiitoe, nasi tukajiona wajanja.

Hila yenyewe ni hii. Ndani ya flashi mna chombo kidogo kinachoiambia kompyuta ukubwa wa ghala. Mdanganyifu hubadilisha hesabu ile tu. Ghala la gigabaiti 16 au 32 linajitangaza kuwa ni terabaiti 2, na kompyuta inaamini. Likijaa, kila kinachoongezwa hupotea au hufuta kilichotangulia, wala hapana kengele inayolia. Kuitazama dukani na kuona "terabaiti 2" juu ya skrini si ushahidi wa lo lote. Dawa yake ni kuijaza yote kisha kuisoma tena. Iko programu ya bure iitwayo H2testw inayofanya kazi hiyo. Yachukua saa nyingi, lakini saa nyingi ni nafuu kuliko miezi minane.

Wako watakaouliza, "Mambo ya flashi yanahusu nini siasa?" Twawajibu kwa historia. Kompyuta ya kwanza ya nchi hii ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya gharama na matatizo mengi, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile iliondolewa zamani. Sisi twaona nia yake ilikuwa njema, ya kulinda fedha za wananchi, lakini mlango uliozuia mashine ulizuia na ujuzi wake. Leo mlango u wazi, mashine zimejaa mitaani, na ujuzi bado u mikononi mwa wachache. Mwananchi anayenunua asichokijua hutoa kodi mbili: moja kwa Serikali, nyingine kwa mjanja.

Basi je, tuogope vitu vya bei ndogo? Hata kidogo! Mwalimu wa shule ya msingi hawezi kununua kompyuta mpya kila anapotaka, wala hana haja. Laptopu ya mtumba iliyotoka ofisi za Ulaya, yenye diski ya zamani inayozunguka, mara nyingi si nzee. Imefungwa miguu tu. Itoe diski ile, weka SSD, uone mashine iliyokuwa ikiamka kwa dakika tano ikiamka chini ya dakika moja. Ongeza RAM ikiwa ni gigabaiti 4, ifike 8. Ila usinunue RAM kwa kukadiria. DDR3 haiingii mahali pa DDR4, maana pengo lake limekatwa mahali pengine, na ya laptopu ni fupi kuliko ya kompyuta ya mezani. Chomoa ya zamani uende nayo dukani mkononi, kama mtu anayekwenda kununua skrubu.

Tena kompyuta za mezani zilizotoka Marekani zitazamwe nyuma. Nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka ikiwa kwenye 115 utasikia mlio, utaona moshi, na muuzaji atakuambia umeiharibu mwenyewe. Atakuwa amesema kweli.

Kuna na habari ya Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wauzaji wengine wanaitumia kuwatisha watu watupe mashine nzima. Mashine isiyopokea Windows 11 hupokea Linux Mint, na hiyo haiuzwi, hupewa bure. Katika darasa letu la jioni akina mama wawili wameizoea kabla ya katibu wetu, ambaye mpaka leo anaitafuta "Start" kila mahali.

Jambo tunalolitaka ni moja. Mnunuzi aliye peke yake mbele ya meza ya Kariakoo ni mnyonge: ana haraka, anaona haya kuuliza, na nauli yake inakwisha. Watu kumi wanaonunua SSD kumi kwa pamoja hupunguziwa, hujaribu mali palepale, na hudai risiti ya mashine bila kutazamwa kwa dharau. Katika tawi letu wamekwisha kujiandikisha saba. Jumamosi saa tatu asubuhi tutakutana mbele ya ofisi, tuna laptopu moja ya kujaribia na bisibisi mbili. Mwenye RAM ya zamani aje nayo.