Picha Moja Tu, Halafu Tunamwachia

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya tangu mitihani ya Desemba, na kuna wanaonidai habari za bweni na za yule profesa wa takwimu. Zitakuja. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya samaki.

Jumamosi iliyopita rafiki yangu tunayeishi naye chumba kimoja, mzaliwa wa hapa hapa Colorado, alinichukua kwenda kuvua Cheesman Canyon kwenye mto South Platte. Najua mnauliza: nani anavua Januari kwenye theluji? Ngoja nieleze. Juu ya korongo lile kuna bwawa, ukuta wake ulimalizika mwaka 1905, una urefu wa mita kama 67, na maji yake wanakunywa watu wa Denver. Maji yanayofunguliwa kutoka kwenye kina cha bwawa hayajaganda, kwa hiyo mto unatiririka wazi wakati kingo zote zimeshika barafu. Pande zote mbili ni miamba mikubwa imekaa juu ya mwenzake. Ukiondoa theluji unaweza kudhani umeshuka Mwanza.

Wanavua kwa nzi bandia. Mimi ni mtoto wa Ukerewe, nimezaliwa kwenye nyavu na dagaa, nikajua nitawafundisha kazi. Kumbe! Ndoano ni namba 22, ndogo kuliko punje ya mchele, imezungushiwa uzi ifanane na funza wa usubi, maana ndicho chakula pekee cha maana kinachopita mtoni wakati huu. Mshipi ni kama unywele. Maji ni kioo, samaki anakuona kabla wewe hujamwona. Nzi wako akivutwa na mshipi hata kidogo, akapita kwa mwendo tofauti na mkondo, trauti anamtazama tu apite. Na kila baada ya kurusha mara chache vipete vya ufito vinajaa barafu, unavichovya majini au unavibandua kwa vidole ambavyo huvisikii tena. Nakiri: ni uvuvi mgumu na mzuri. Sikuandika haya kuwacheka wanaoupenda. Niliupenda.

Saa tatu nzima sikupata kitu. Halafu nikapata. Trauti wa kahawia, urefu kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, ana madoa mekundu yenye duara la rangi hafifu. Nikapiga kelele mpaka korongo likaniitikia. Rafiki yangu akasema mwinue, picha moja tu. Kidole kikagoma kwenye kioo cha simu kwa sababu ya glavu. Akavua glavu. Geuka kidogo, jua liko nyuma yako. Simu ikazima kwa baridi, akatoa ya kwangu mfukoni mwangu. Nyuzijoto zilikuwa tisa chini ya sifuri. Jioni nilipoangalia, picha ya kwanza kwenye simu yake na ya mwisho kwenye simu yangu zilipishana sekunde 74.

Tukamrudisha majini. Akalala ubavu. Nikamshika, akasimama kidogo, nikamwachia, akalala ubavu tena, kisha mkondo ukamchukua tumbo likiwa juu akapotelea chini ya ukingo wa barafu. "Atapona," akasema mwenzangu. Akarusha nzi wake.

Picha niliituma nyumbani, mshamba ni mshamba. Mjomba akanipigia. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Mmemla?" Nikamwambia hapana, huku samaki anaachiwa, ndiyo sheria. Akanyamaza. "Sasa mlimvua wa nini?" Nikaanza kumweleza uhifadhi. Akanikatiza: "Huyo uliyemshika mbona kama amekufa, mpwa wangu?"

Sasa twende kwenye hoja. Sheria ya sehemu ile inasema nzi na vyambo bandia tu, na kila samaki arudishwe majini mara moja. MARA MOJA. Siyo baada ya picha, siyo baada ya simu ya pili. Lakini nendeni mkaangalie picha zao za msimu wa baridi: theluji kwenye kofia, barafu kwenye ndevu, samaki mkononi matamvua wazi. Halafu chini yake maneno ya kujisifu kwamba alirudishwa salama. Nani alimfuata kumwangalia?

Mwaka 1992 watafiti Ferguson na Tufts wa Kanada waliwachosha trauti kama wanavyochoshwa na ndoano, kisha wakawapima. Waliobaki majini, asilimia 88 walikuwa hai baada ya saa 12. Waliotolewa hewani sekunde 30, asilimia 62. Sekunde 60, asilimia 28 tu. Mimi nilitumia 74. Najua mtanijibu kwamba ile ilikuwa maabara, na kwamba watafiti wa Idaho walikuja kupima mtoni wenyewe, wakachapisha mwaka 2018, wakaona kukaa hewani hakukuongeza vifo. Sawa, nimeisoma. Walifanya kiangazi! Hakuna maji yaliyokuwa yanaganda juu ya matamvua. Ukinijibu kuhusu Januari kwa ushahidi wa Julai, hujanijibu.

Na picha ni nusu ya kesi. Trauti wa kahawia hutaga Oktoba na Novemba. Jike huchimba changarawe kwa mkia, hutaga, hufukia, na mayai hukaa humo majira yote ya baridi. Ukijua unavyotazama utaona vipande vya changarawe safi vinavyong'aa kuliko chini kwingine. Sisi tuliwaona? Tulipita juu yake na mabuti, kwenda na kurudi. Huko Montana Roberts na White walipima hili pia, mwaka 1992: mtu akipita juu ya mayai mara mbili kwa siku kipindi chote, yanakufa mpaka asilimia 96, pamoja na vifaranga ambavyo havijatoka. Kupita mara moja tu, karibu na kuanguliwa, mpaka asilimia 43.

Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Kwetu ziwani hata mtoto wa shule anajua neno mazalia. Usivue kwenye mazalia. Kwenye Operesheni Sangara ya mwaka 2018 nyavu haramu zilichomwa moto, na kuna nyumba zilizobaki bila kitu. Sitetei kokoro, linamaliza watoto wa samaki, mjomba mwenyewe hulitukana. Lakini hebu niambieni, mtu anayevua ili ale anachomewa nyavu kwa sababu ya mazalia, na huyu anayevua kwa starehe anasimama juu ya mazalia katikati ya Januari, leseni mfukoni, anaitwa mhifadhi? Pale tulipokuwa mto uko wazi msimu mzima wa baridi, na hakuna anayekuuliza unakanyaga wapi.

Mwenzangu alipojua naandika haya akaleta hoja ya mwisho: eti trauti wa kahawia hata si mwenyeji, mayai yake yaliletwa Marekani kutoka Ujerumani mwaka 1883. Ni kweli. Lakini bwana, huwezi kumwita hazina ya mto unapomshika, halafu umwite mgeni anapokufa. (Sisi wenye viza tunaujua mchezo huo.)

Ninachotaka si kufunga mto. Sehemu zenye changarawe ya kutagia zifungwe kuanzia Oktoba mpaka vifaranga vitoke. Mashimo yenye kina, ambako samaki wanapumzika wakati wa baridi, yavuliwe kutoka ukingoni. Na siku za chini ya sifuri samaki asitoke majini kabisa: ndoano isiyo na kijino, wavu wa mpira, unamfungua akiwa ndani ya maji, kwaheri. Mwenye hoja ya kunipinga alete, ila aje na tarakimu zake.

Jumamosi jamaa anakwenda tena. Ameniuliza kama nakuja. Nimemwambia nakuja, kwa sharti simu zote mbili zibaki kwenye gari. Mpaka naandika haya bado hajanijibu.