Mama Aliyezaa Mabinti Watupu



Twawajua katika Masisi na Walikale wamama waamkao kabla ya jogoo, wakalima, wakabeba kuni, wakalea. Na jioni husikia neno hili: “Huyu hakuzaa kitu,” kwa kuwa amezaa wasichana tu. Neno hilo husemwa hata mlangoni pa kanisa, tena na watu waliotoka kupokea Komunyo. Twaona haya kuliandika.

Na tumkumbuke mama mmoja wa Wamba. Yeye pia alizaa mabinti watupu, na mumewe akamwacha, akaoa mwingine. Mmoja wa mabinti hao, aliyezaliwa tarehe 29 Desemba 1939, ndiye Anuarite Nengapeta. Aliingia utawa wa Masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaweka nadhiri mwaka 1959, akafundisha watoto. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, mjini Isiro, kanali mmoja wa waasi wa Simba alitaka kumchukua kwa nguvu. Alikataa, akauawa, huku akimsamehe aliyempiga. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Maji ya Ubatizo ni yale yale kwa binti na kwa mvulana.

Lakini habari hii hutumiwa vibaya. Wako wasemao: Anuarite alikubali kufa, basi mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu akabaki hai amepoteza heshima yake. Huo ni uongo, tena ni ukatili. Mwaka 2010, huko Luvungi na vijiji vya jirani, Walikale, watu zaidi ya 300 walitendwa hivyo kwa siku chache tu. Roma ilipotekwa mwaka 410, wanawake Wakristu walipatwa na mambo hayo hayo, na Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika, aliwatetea: usafi hukaa moyoni, na moyo usiokubali haukuchafuka. Dhambi ni ya mtendaji peke yake.

Basi mume wa mama huyo ampokee nyumbani bila neno, na wamama wenzake wamwachie nafasi yake katika benchi. Nanyi wasichana, mkikutana naye kisimani, mchukulieni ndoo, mkamwite Mama kama zamani.