Tusigeuze jikoni kuwa kiwanda cha risasi

Tangu yule Mturuki, Yusuf Dikeç, asimame kule Ufaransa kwenye Olimpiki ya 2024, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida usoni kama mzee anayesoma gazeti, kisha akaondoka na medali ya fedha ya bastola ya upepo ya mita 10 kwa timu ya mseto, kila mtu amekuwa mtaalamu wa kulenga shabaha. Hata vijiwe ambavyo kwa kawaida havina lingine ila Gor na Ingwe siku hizi utasikia mtu akibishana kuhusu bastola.

Mimi sina neno. Mchezo ukipata mashabiki ni heri. Ila kuna ujumbe niliotumiwa na msomaji mmoja ambao umenikaa kichwani wiki nzima. Aliandika hivi: “Mzee, risasi ni ghali na ndiyo maana sisi hatuendi popote kwa huu mchezo. Wamarekani wanajitengenezea zao nyumbani. Kwa nini sisi tusiruhusiwe?”

Swali si la kipuuzi. Ukiwa mlenga shabaha, risasi ndiyo mafuta ya gari lako. Bingwa wa Marekani wa bunduki ya marisau, Kim Rhode, aliyeshinda medali katika Olimpiki sita mfululizo kuanzia 1996 hadi 2016, amewahi kueleza kwamba mazoezini hufyatua kati ya risasi 500 na 1,000 kwa siku. Piga hesabu ya mwezi mmoja tu, halafu uangalie mfuko wako.

Kwa hivyo tuanze kwa kuwapa haki yao hao Wamarekani. Risasi ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki ndogo kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa kinachotoka kwenda kugonga shabaha. Ukishafyatua, vitatu vimekwenda. Ganda limebaki, nalo ndilo lenye gharama kubwa na linaweza kutumika tena na tena. Jamaa anayaokota, anayasafisha, anaingia gerejini kwake jioni, na kwa mashine ya mkono anajaza upya moja baada ya jingine. Anayefyatua kwa wingi huokoa pesa, hasa kwa zile risasi kubwa za bunduki ndefu.

Lakini ukimuuliza vizuri atakwambia pesa si yote. Anafanya hivyo kwa sababu ile ile inayomfanya shangazi yako akatae unga wa pakiti na kupeleka mahindi yake mwenyewe kinuni. Anajua kilichomo. Kila risasi ina kiasi kile kile cha baruti, kichwa cha uzito ule ule, urefu ule ule. Risasi zikifanana hivyo, zote hutua karibu mahali pamoja. Katika mashindano ya kulenga ukiwa umeegemeza bunduki mezani, kuna watu hutoboa tundu tano kwenye karatasi na ukitazama unaona kama ni tundu moja. Huo ni ufundi, na ninauvulia kofia.

Hata katika ule mchezo wa kukimbia na bastola kutoka shabaha moja hadi nyingine, IPSC, ambao hapa kwetu una wafuasi wake, anayejaza mwenyewe ana faida. Waamuzi huchukua baadhi ya risasi zako, wakapima uzito wa kichwa na kasi yake. Vikizidishwa na kugawanywa kwa 1,000, jibu lisipofika 125, alama zako zote hazihesabiwi. Basi mjanja hupima za kwake zivuke kiwango hicho kwa wembamba wa uzi. Bastola inampiga teke dogo, anarudi kwenye shabaha haraka kuliko mwenye risasi za dukani.

Ni haki? Mimi naona ni kama mjadala wa viatu. Eliud Kipchoge alipokimbia saa 1:59:40 kule Vienna Oktoba 2019, dunia iligawanyika: ni miguu au ni soli? Mwaka uliofuata Shirikisho la Riadha Duniani likaweka kikomo cha unene wa soli za mbio za barabarani kuwa milimita 40, na mambo yakaendelea. Kifaa kikiwekewa kanuni, mchezo unabaki mchezo.

Mpaka hapo msomaji wangu anadhani nitamuunga mkono. La. Ndugu yangu, hapa tunaachana.

Kwanza, unataka twende Olimpiki, sivyo? Bunduki na bastola zote za mita 10 ni za upepo. Zinatumia kijichuma cha milimita 4.5 kisicho na ganda wala baruti, kwa hivyo hakuna cha kujaza. Zile za mita 25 na 50 zinatumia risasi ndogo ya .22, ambayo fataki yake imo ndani ya ukingo wa kitako. Ikishagongwa, ukingo umebonyea na ganda limekwisha kazi. Watu hawaijazi tena, hata huko Marekani. Inabaki bunduki ya marisau peke yake. Sasa huo mtambo wako wa nyumbani utatupeleka Olimpiki gani?

Pili, hata ukiwa na mashine, fataki na baruti utazitoa wapi? Hazipikwi jikoni. Mwaka 2020, Wamarekani waliponunua risasi mpaka rafu zikabaki tupu, fataki nazo ziliadimika. Wale mafundi wa gerejini walikaa na mandoo ya maganda matupu, wakisubiri kiwanda kama kila mtu. Wao wana viwanda hapo hapo kwao. Sisi tungesubiri meli.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi, fikiria tunavyoishi. Huyo Mmarekani ana gereji iliyojitenga na nyumba. Wengi wetu tuna vyumba viwili, mtungi wa gesi kando ya mlango, watoto wanaofungua kila droo, na jirani ambaye ukikohoa anakwambia pole kupitia ukutani. Baruti haitaki mzaha. Ukiisahaulia hesabu kidogo, ukajaza ganda moja mara mbili, bunduki inaweza kupasukia mikononi mwako. Anayepoteza jicho hapo halipati tena kwa kuwa alikuwa akiokoa pesa.

Halafu kuna jambo tusilopenda kulitaja kwenye kurasa za michezo. Kuna Wakenya wa Baringo, Turkana, Samburu na Pokot Magharibi ambao kwao risasi haijawahi kuwa mchezo. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inataka cheti kwa anayemiliki risasi, na baruti ina sheria yake, Sura ya 115. Risasi ya kiwandani ina alama kwenye kitako inayomsaidia mpelelezi kujua ilikotoka. Iliyojazwa nyumbani inabeba alama ya zamani ndani yake kukiwa na mambo mapya. Tukianza kuruhusu viwanda vidogo vya vyumbani kwa jina la michezo, nani atahesabu kinachotoka mlango wa nyuma? Nisingependa siku moja mchezo huu utajwe kwenye habari za mazishi.

Basi tufanye nini, tukae tu? Hapana. Rio 2016, Hoang Xuan Vinh wa Vietnam alishinda bastola ya upepo ya mita 10 na kuipa nchi yake dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Walenga shabaha wa kwao walikuwa na uhaba wa risasi kama sisi. Sehemu kubwa ya mazoezi yao ilikuwa kusimama, kulenga na kubonyeza kifyatulio bila risasi ndani, mara elfu na elfu, mpaka mkono uache kutetemeka. Hiyo haina bei. Miaka minane kabla yake, Beijing, Abhinav Bindra alikuwa ameipa India dhahabu yake ya kwanza ya mchezaji mmoja mmoja, kwa bunduki ya upepo. Na kitu ambacho familia yake ilikuwa imemjengea nyumbani ni uwanja wa kulengea.

Uwanja wa mita 10 hauhitaji msitu. Ukumbi wa shule unatosha, wenye ukuta imara nyuma ya shabaha, mlango mmoja unaolindwa, bunduki chache zilizofungiwa kabatini chini ya klabu yenye leseni, na kocha anayejua kazi. Kumi ya bunduki ya upepo ni nukta ya nusu milimita. Kijana akijifunza kuipiga hiyo, kubwa zaidi haitamshinda.

Na kwa hawa ndugu zetu wa bastola kubwa wanaolia bei, nina ombi kwa wakubwa. Kule Bisley, Uingereza, ambako mashindano ya bunduki ni mila ya zaidi ya miaka 130, katika mashindano makuu ya bunduki ya shabaha washindani hupewa risasi za aina moja pale pale uwanjani. Tajiri na maskini wanafyatua kitu kimoja, kinachobaki ni jicho na pumzi. Sisi tuna kiwanda cha serikali Eldoret, na risasi za milimita 9 ni miongoni mwa zile kinachotengeneza. Chama cha mchezo, wizara na kiwanda vikae meza moja. Risasi zihesabiwe zikitoka, maganda yahesabiwe yakirudi, na kila mshindani afyatue za shehena moja kwa bei inayobebeka. Itakuwa rahisi kuliko kuhalalisha mitambo ya vyumbani, na polisi watalala.

Haya yanahitaji haraka pia. Mashindano ya Jumuiya ya Madola, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa jukwaa la mchezo huu, yaliuacha nje Birmingham 2022, na kwenye orodha ya michezo ya Glasgow 2026 haumo tena. Njia iliyobaki ni nyembamba, na sehemu kubwa yake inapitia bunduki ya upepo.

Kwa hivyo, msomaji wangu, hiyo pesa uliyotenga kwa mashine iweke. Tafuta wenzako watano, mwone mwalimu mkuu mwenye ukumbi unaokaa bure kila Jumamosi, kisha mwende kwa chama mkaulize masharti ya kusajili klabu. Wakiwazungusha, niandikie tena, nami nitauliza hapa hapa ni kwa nini.