Trela jipya, mbao zimeoza, eti kosa la mnunuzi!

Kuna jibu moja linanikera sana katika biashara ya matrela ya kuishi hapa Marekani. Mtu ananunua trela jipya, mwaka wa pili sakafu inabonyea kama godoro, anarudi dukani anaambiwa: "Hukulitunza." Jamani! Hukulitunza?

Majuzi nimeshinda Jumamosi mbili nikimsaidia ndugu yetu mmoja, dereva wa malori, kufungua ukuta wa trela lake. Nje linang'aa. Ukigonga kwa kidole chini ya dirisha, sauti inakuwa butu. Tukang'oa fremu ya dirisha. Nyuma yake hukaa utepe wa gundi wa kuzuia maji, unatakiwa uzunguke pande zote nne. Ulizunguka tatu. Upande wa juu, kunakoshukia mvua, hakuna kitu! Skrubu kadhaa hazikushika mbao, zimeshika hewa. Mbao zenyewe nyeusi, ukichokoa na bisibisi zinamomonyoka. Duka likasema waranti ya mwaka 1 imekwisha. Sasa angetunza vipi utepe ambao haukuwekwa tangu kiwandani?

Hoja yangu ni hii: kasoro ya ndani ya ukuta, mtu wa mwisho kuiona ni yule aliyeifunika. Matrela mengi ya nchi hii hutengenezwa Indiana, hasa pande za Elkhart, na huko kulipwa kwa idadi ya matrela yanayotoka ni jambo la kawaida. Simlaumu fundi. Bosi ananunua haraka, anapewa haraka, kisha anatuuzia sisi.

Na msidhani ni mambo ya utepe tu. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, shirika la serikali la maafa, FEMA, liliwapa waathirika matrela kwa maelfu. Watu wakaanza kuwashwa macho na kubanwa kifua. Chipbodi na plaiwudi za ndani zilikuwa zinatoa fomaldehaidi, kemikali ya kwenye gundi. Nyumba za kiwandani zilishawekewa kikomo cha kemikali hiyo katika mbao zake tangu miaka ya 1980, lakini trela la safari halikuguswa, kwa sababu eti ni gari! Mwaka 2007 bungeni zikaanikwa barua pepe: wanasheria wa FEMA walishauri wasipime, maana wakipima wakakuta tatizo watawajibika. CDC ilipopima matrela na nyumba hizo 519, wastani ulikuwa 77 kwa bilioni, juu sana ya nyumba za kawaida. Sheria ya mbao hizo ikaja 2010. Fidia ya dola milioni 42.6 ikapitishwa 2012, miaka 7 baada ya kimbunga.

Kwa hiyo ukienda kununua, nenda na ngazi na kipima unyevu. Panda juu, kagua gundi ya viungo vya paa. Wamwagie trela maji ya mpira nusu saa, wewe ukiwa ndani unapapasa pembe na chini ya madirisha. Vua viatu, tembea sakafu yote. Fungua kila kabati lenye bomba. Ukikuta unyevu, usikubali wapake silikoni juu juu, hiyo inafungia maji ndani. Ukuta ufunguliwe, ukauke, mbao zikatwe mpaka penye uzima, dirisha lirudi na utepe mpya pande nne.

Lakini kwa nini mnunuzi ageuke mkaguzi wa kiwanda? Ninachodai si kikubwa: kila ukuta upigwe picha kabla haujafungwa, picha ziambatane na namba ya trela, mnunuzi apewe kabla ya kulipa. Simu yenye kamera kila fundi anayo mfukoni. Wanashindwa nini?