Shela si cheti cha mwenendo mwema

Jumamosi mbili zilizopita nilishinda na binti wa kaka yangu katika duka moja la nguo za harusi hapa Mombasa, tukitafuta shela. Wasomaji wa bara waliozoea kuiita veli wataniwia radhi. Kwetu pwani neno ni shela, na ndilo walilolitumia waliotutafsiria Biblia pale Rebeka alipomwona Isaka akija kutoka kondeni, akashuka juu ya ngamia na kujifunika. Niliitwa kwa kuwa mimi ndimi shangazi, na katika ukoo wetu wa Kitaita shangazi hakai kando mambo kama hayo yanapopangwa.

Kuchagua shela, msomaji mpenzi, si kazi ya dakika kumi. Muuzaji alitutolea tatu. Ya kwanza ilikuwa fupi, yenye kukomea mabegani; ya pili ilifika kwenye ncha za vidole mtu anyooshapo mikono; na ya tatu ilikuwa ya kuburura sakafuni, ambayo haina budi kupewa watoto wawili waibebe, nao aghalabu huisahau mikononi mwao wakaenda wakiivuta huku na huku hadi kichwa cha bi harusi kikageuka. Hiyo ya tatu niliikataa mara moja. Sherehe yetu itafanyika uwanjani chini ya mahema, na mtu aujuaye upepo wa pwani wakati wa alasiri hawezi kumfunga binti yake tanga kichwani.

Kisha kuna suala la weupe. Gauni lake ni jeupe la kuelekea rangi ya pembe, ilhali shela zote tatu zilikuwa na ule weupe mkali wenye kuelekea buluu. Chini ya taa za duka tofauti haikuonekana. Nilimshika mkono binti nikamtoa hadi barazani kwenye mwanga wa jua, naye muuzaji akatufuata akidhani twamwibia. Hapo ndipo tulipoona kwamba gauni lilifanana na nguo iliyokaa sandukuni miaka kumi. Isitoshe, nywele zake ni za kusukwa, na kile kichana cha kushikizia shela kiliteleza kila alipoinama. Ikatubidi tukubaliane kwamba fundi ataishonea utepe mwembamba upitao chini ya misuko. Nilimwonya pia kuhusu mishumaa. Kitambaa cha wavu wa nailoni hakiwaki tu, bali huyeyuka na kugandamana na ngozi, nayo makanisa mengi siku hizi huwapa maarusi mishumaa wawashe pamoja mbele ya madhabahu.

Mwishowe tuliacha zote tatu. Tulinunua kitambaa chenyewe kwa mita, chenye weupe wa pembe, tukampelekea fundi pamoja na lesi ya kupambia ukingo. Gharama yote haikufika nusu ya ile ambayo duka lilitaka kwa kukodisha tu, tena kwa siku moja. Nilikuwa katika kumwelekeza fundi urefu wa kile kipande cha mbele cha kufunika uso, binti aliponigusa bega.

“Shangazi, hicho cha mbele usikiweke.”

“Kwa nini?”

“Wazee wa kanisa wamesema nisijifunike uso. Wala nisibebe maua. Kwa sababu ya mtoto.”

Nilinyamaza. Fundi naye akajifanya anatafuta uzi.

Mtoto huyo ana umri wa miaka minne, na baba yake ndiye huyo huyo bwana harusi. Hakutoroka wala hakumkana mwanawe. Wawili hao walikwenda wenyewe kwa mchungaji, wakakiri, wakahudhuria mashauri ya kabla ya ndoa kwa miezi kadhaa, wakaombewa na kurudishwa kwenye meza ya Bwana. Basi nikamwuliza binti, mwenzake naye kaambiwa asivae nini? Akacheka kidogo, kicheko ambacho hakikunifurahisha. Mwenzake hakuambiwa kitu. Atavaa suti yake, na ua atalichomeka kwenye koti.

Hapa ndipo lilipo tatizo langu, nami nalisema nikiwa mkristo niliyelelewa katika kanisa na ambaye hana nia ya kulitoka. Sipingi kanisa kufundisha kwamba ndoa itangulie na mtoto afuate. Hilo ni fundisho lake, na lina haki ya kulishikilia. Ninachopinga ni kosa la watu wawili kuandikwa kwenye uso wa mtu mmoja. Wageni mia tatu watakapomwona bi harusi akiingia uso wazi na mikono mitupu, kila mama atajua maana yake, na atakayekuwa hajui atanong’onezwa na jirani yake. Bwana harusi atakuwa amesimama pale mbele akitabasamu, naye hakuna atakayemnong’ona.

Watetezi wa desturi hiyo husema kwamba shela ni ishara ya ubikira tangu jadi. Jadi ya nani? Mabibi harusi wa Roma ya kale walivaa shela yenye rangi ya mwali wa moto, iliyoitwa flammeum. Weupe hawakuuona kuwa lazima. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, mwanamke aliolewa na gauni lake zuri kuliko yote, liwe jekundu, la kijani au la samawati. Aliyeueneza weupe ni Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840. Na shela yake ilikuwa na sababu isiyohusiana na ubikira: alitaka kuwainua mafundi wa lesi ya Honiton, kule Devon, ambao kazi yao ya mkono ilikuwa ikiuawa na mashine. Ilining’inia nyuma, uso wake ukaonekana na wote. Aliipenda mno hivi kwamba alipofariki mwaka wa 1901 alizikwa nayo. Kwa hiyo hiki tunachokiita jadi hakijatimiza hata miaka mia mbili, na kilianza kama msaada kwa washonaji.

Tukirudi kwenye Biblia yenyewe, hali ni ngumu zaidi kwa wazee wetu. Lea alipelekwa kwa Yakobo usiku, na Yakobo hakumtambua hadi asubuhi. Kisa hicho chahusu udanganyifu wa Labani, wala si usafi wa binti. Na katika kitabu hicho hicho cha Mwanzo, sura ya 38, Tamari anajifunika shela, na Yuda anapomwona anamdhania kuwa kahaba kwa sababu amejifunika uso. Ajabu ni kwamba kisa hicho chamalizika kwa Yuda kukiri hadharani kwamba mwanamke yule ana haki kuliko yeye. Sijasikia kikihubiriwa katika mashauri ya kabla ya ndoa.

Nimewahi kuhudhuria sherehe za marafiki zangu Wakikuyu kule Kiambu. Pale wanawake hupangwa mstari, wazee kwa vijana, wote wamegubikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, na bwana harusi hutakiwa kumtambua wake kwa kutazama tu. Akimfunua bibi kizee asiye na meno, watu huangua vicheko naye hutozwa faini. Mara nyingi wawili hao wamekwisha kuishi pamoja na wana watoto, na hakuna anayemnyima bi harusi leso ya kujifunika kwa sababu hiyo. Waswahili nao walikuwa na kipa mkono, zawadi ambayo mume alimpa mkewe ili auone uso wake kwa mara ya kwanza. Katika desturi zote mbili uso uliofunikwa ulimtoza mwanamume. Yeye ndiye aliyetahiniwa, na yeye ndiye aliyelipa. Sisemi kwamba wazee wetu wa pwani walikuwa malaika. Walikuwa pia na kisarawanda, kile kitambaa cha kitandani cha kuthibitisha ubikira, na hicho nacho kilimpima mwanamke peke yake. Lakini huo uchunguzi haukuhusu shela. Sisi ndio tulioiteua shela iwe cheti cha mwenendo mwema, kama kile ambacho polisi hutoa kwa mtafuta kazi.

Tena tusiende mbali. Tarehe 19 Mei 2018, Meghan Markle aliolewa na mwanamfalme Harry katika kanisa la Mtakatifu George, Windsor. Alikuwa amekwisha kuolewa na kutalikiana na mume wa kwanza, jambo ambalo dunia nzima ililijua. Aliingia kanisani na shela nyeupe yenye urefu wa mita tano, imefunika uso wake, imetariziwa maua ya nchi 53 za Jumuiya ya Madola, la Kenya likiwemo. Askofu Mkuu wa Canterbury ndiye aliyewafungisha ndoa. Ikiwa ua la Kenya liliruhusiwa kukaa kwenye shela hiyo, iweje binti wa Kenya azuiwe kubeba ua mkononi katika kanisa la kwao?

Kuna walioniambia kwamba ninafanya kitambaa kuwa jambo kubwa, kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 haimdai mtu shela, na kwamba kama binti anakerwa aende kwa msajili wa ndoa akaandikishwe kwa gauni la kawaida. Ni kweli anaweza. Na Katiba ya 2010, katika ibara ya 45, yasema mume na mke wana haki sawa tangu wakati wa kuoana. Lakini yeye hataki kwenda kwa msajili. Anataka kuolewa katika kanisa alimobatizwa, ambamo mama yangu, nyanya yake, bado hukaa kwenye kiti kile kile cha mbele upande wa kushoto. Na ikiwa kitambaa ni jambo dogo, kwa nini baraza zima la wazee lilikaa kukijadili?

Mama yangu amekwisha kupita miaka themanini. Nilipomweleza, hakulaumu mtu. Aliuliza tu kama kanisa lilikuwa limemsamehe mjukuu wake au bado. Nikamjibu kwamba lilimsamehe mbele ya watu wote, tena Jumapili. “Sasa hii nyingine ni ya nini?” akasema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Juzi fundi alinipigia simu kwamba shela iko tayari. Kipande cha mbele nilimwagiza akishone, ila kwa vishikizo vidogo vinavyofunguka, ili bi harusi mwenyewe aamue. Nimeitundika nyuma ya mlango wa chumba changu, mbali na vumbi. Baraza la wazee litakutana tena Jumapili hii baada ya ibada, na nimeomba dakika tano za kuzungumza nao. Nitawaomba waache bi harusi achague. Na kama hawatakubali, nitawauliza iwapo wako tayari, siku hiyo ya harusi, kumwendea bwana harusi pale mbele ya watu na kumchomoa lile ua la koti.