Rumonge: Chumba cha bei nafuu hupimwa kwa nauli na kwa maji ya ziwa

MTU anayeshuka basi mjini Rumonge na mizigo yake, awe anarejea kutoka kambi ya Nyarugusu au anatoka Kigoma na marobota ya vitenge, huwa na swali moja la haraka: atapanga wapi, kwa faranga ngapi, na mwakani mwenye nyumba atapandisha kiasi gani?

Rumonge iko kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara ya taifa namba 3. Barabara hiyo ndiyo uti wa mgongo wa mwambao wote. Inatoka Bujumbura kupitia Kabezi, Gitaza, Magara na Minago, inaingia Rumonge, inateremka Nyanza-Lac, kisha inapanda Mabanda hadi mpaka wa Mugina, ambako upande wa pili ni Manyovu. Hakuna reli hapa wala mabasi ya mwendo kasi. Usafiri wa umma ni mabasi madogo yanayojaza abiria kituoni, taksi za pikipiki, baiskeli na, kwa wanaokwenda ng'ambo ya Kongo upande wa Baraka, maboti ya bandarini. Kwa hiyo "karibu na usafiri" maana yake ni moja tu: karibu na barabara hiyo au karibu na bandari.

Tatizo ni kwamba kila mfanyabiashara analijua hilo. Anayenunua mawese, dagaa au mukeke (samaki ambaye Kigoma tunamwita mgebuka) anataka kulala hatua chache kutoka sokoni ili awahi gari la alfajiri. Vyumba vya pale ndivyo vinavyopanda bei kwanza, kwa sababu mpangaji mmoja akitoka mwingine yuko mlangoni.

Hapo ndipo wengi, hususan waliorejea na mfuko mwepesi, hukimbilia vyumba vya chini, karibu na maji. Kodi ni ndogo kweli. Lakini mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi likaingia ndani ya nyumba za watu, Rumonge na pia Kibenga na Gatumba upande wa Bujumbura, na sehemu za barabara namba 3 zikaathirika. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, pale Kalemie. Mvua ikizidi kwa misimu kadhaa mfululizo, maji hayashuki kwa wiki mbili au tatu, hukaa. Aidha, sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inaweka mita 150 kutoka ziwani kuwa eneo la umma. Mpangaji aliyelipa miezi mitatu mbele katika nyumba iliyo ndani ya mita hizo hana pa kudai maji yakija au bomoabomoa ikija. Unafuu wa namna hiyo una mtego ndani yake.

Je, aende mbali, milimani au vijijini kabisa? Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme chumba cha mbali kinapungua faranga 30,000 kwa mwezi kuliko cha karibu na kituo. Kama pikipiki ni faranga 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, kwa siku 26 za kazi anatumia 52,000. Amepoteza 22,000 akidhani ameokoa. Tena hiyo ni siku ambazo petroli ipo. Uhaba wa mafuta uliolitesa taifa hili miaka ya karibuni, hasa 2024, ulionyesha kuwa nauli hubadilika kwa siku moja, wakati kodi angalau husubiri mwisho wa mkataba.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mahali pa kutafuta ni katikati ya hayo mawili: upande wa juu wa barabara, mbali na maji, umbali ambao mtu mwenye mzigo kichwani anaweza kuutembea kwa dakika 15 au 20 hadi basi linaposimama. Anayefuata biashara ya mpakani zaidi ya soko la Rumonge hana ulazima wa kukaa mjini. Vituo vidogo vya njiani kuelekea Nyanza-Lac vinampunguzia safari ya Mugina.

Kwa waliorejea kuna jambo zito zaidi. Rumonge na Nyanza-Lac ndiko machafuko ya Aprili 1972 yalikoanzia, na wengi waliokimbilia Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine. Zaidi ya 50,000 kati yao walirudi baada ya mwaka 2007. Kisha wakaja waliokimbia mwaka 2015, ambao zaidi ya 150,000 wamerejeshwa kutoka Tanzania tangu 2017. Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa mwaka 2006 na muda wake ukamalizika 2022, lakini migogoro haikwisha nayo. Mtu anaweza kupanga nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja chenye kesi, akatolewa pamoja na mwenye nyumba. Kabla ya kutoa hata faranga moja, muulize nyumbakumi na majirani wawili wa muda mrefu kama kiwanja hicho kina mtu anayekidai. Majirani husema.

Kuhusu ongezeko lenyewe, wenye nyumba nao wana hoja. Mei 2023 benki kuu ilishusha thamani ya faranga, dola ikatoka takriban 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa bei rasmi. Saruji na mabati vilifuata. Mwenye nyumba asiyepandisha kabisa hawezi kukarabati paa. Ila kupanda kwa kiasi na kupanda kwa ghafla ni vitu viwili. Wanaotoka Tanzania wasitarajie mazoea ya kuahidiana kwa mdomo yawalinde: hata kwao, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo neno la mwisho ni mkataba. Andikeni kiasi, muda, na lini kodi inaweza kuguswa tena. Amana iandikwe pembeni, isichanganywe na kodi. Na jina la kila anayelala humo liingie katika daftari la kaya, maana msako wa usiku hauulizi risiti.

Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, pamoja na ile ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu upande wa Tanzania, na kituo cha pamoja cha mpakani. Lami njema huleta magari, na magari huleta wapangaji wapya wenye fedha zaidi. Anayesaini mkataba wa mwaka mmoja au miwili kandokando ya njia hiyo sasa ana bei mkononi. Anayelipa mwezi kwa mwezi atapangiwa upya kila wingi wa wageni unapoongezeka, kuanzia na vyumba vilivyo karibu na kituo.