Jalada Lisichanwe Kutoka Kwenye Gazeti Lake

KUTOKA MGETA
Na Remigius Mkude

Wapo wanaokusanya magazeti ya zamani kwa ajili ya jalada peke yake: wanalichana, wanalitia fremu, kurasa za ndani zinaishia kufungia maandazi. Jalada lililochorwa kwa mkono linapendeza, sikatai. Lakini likitengwa na gazeti lake linapoteza tarehe, bei, jina la mhariri na hadithi iliyolizaa, na hapo tunabaki na pambo tu. Chukua Sani, gazeti la katuni la Dar es Salaam lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo wasomaji walimokutana na wahusika wa katuni kama Ndumilakuwili, Kipepe, Madenge na Lodi Lofa, miaka ambayo sukari na sabuni zilipangiwa foleni. Philip Ndunguru, mchoraji wake mahiri, alifariki 1986 akiwa bado kijana. Anayetaka kuona mkono wake ulivyokomaa hana njia ila kuyapanga matoleo hayo, moja baada ya jingine. Ndivyo ilivyo pia kwa michoro ya Terry Hirst katika Joe, jarida aliloanzisha na Hilary Ng'weno jijini Nairobi mwaka 1973.

Huku kwetu Mgeta, katika milima ya Uluguru, mboga za vijiji vya Nyandira na Langali zimeteremka Morogoro na Dar es Salaam kwa miongo mingi, na wafanyabiashara hawapandi mlima mikono mitupu; huenda magazeti kama hayo nayo yalipanda nao. Kwa hiyo masanduku ya wazee wetu wa Mgeta yapekuliwe kwa makini, kwa ruhusa yao, kabla hayajachomwa. Wengine watasema katuni hizo zilijaa mzaha wa mitaani na mara nyingi ziliwachora wanawake kwa dharau. Ni kweli, na ndiyo sababu toleo lihifadhiwe zima, mwanafunzi auone utani huo pamoja na matangazo na barua za wasomaji, ahukumu mwenyewe. Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la hali ya hewa. Unyevu wa Uluguru huozesha karatasi na kutia pini kutu, mchwa humalizia. Kupiga picha kwa simu kunasaidia, tena kufanyike mapema, ila picha haikuonyeshi aina ya karatasi wala wino ulivyopenya. Magazeti yalazwe kwenye rafu iliyoinuliwa juu ya sakafu, mbali na ukuta wenye unyevu na moshi wa kuni, na pini zenye kutu zitolewe taratibu. Shule yoyote ya sekondari hapa yenye kabati kavu inaweza kuanza muhula huu.